Sili ya nyuma ya krenki kwenye injini ya 1HZ: tathmini ya gereji moja ya Unga Limited, Arusha

Gereji ninayoitathmini hapa haina bango. Ni banda la mabati lililo ndani ya Unga Limited, eneo ambalo karibu kila msimamizi wa magari ya watalii jijini Arusha amewahi kufika akitafuta fundi, na wateja wake huletwa na wateja waliotangulia. Tuliipelekea Toyota Land Cruiser yetu ya safari wakati wa masika, kipindi ambacho wageni ni wachache na magari mengi huingizwa gereji, ikiwa inavuja oili kutoka sehemu ya chini ya nyumba ya klachi. Natanguliza hukumu yangu kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: kazi ilifanyika vizuri kuliko nilivyowahi kuona ikifanyika kwenye gari la aina hii, bei ilikuwa juu kidogo ya ile ya majirani zao, na muda ulizidi ule tulioahidiwa. Pamoja na hayo ningewapelekea gari jingine bila kusita.

Injini ya gari hilo ni 1HZ, dizeli isiyo na tabo (turbo), yenye silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na ambayo mafundi wa kwetu wanaijua vizuri sana. Mwishoni mwa krenkishafti ya injini hii, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, upande wa flaiwili, gurudumu zito linalobeba klachi, kuna sili ya mpira yenye mdomo mwembamba unaokumbatiwa na springi ndogo ya duara, ili mdomo huo uishike shafti wakati wote inapozunguka na kuizuia oili isitoke. Sili ikichoka, oili huingia kwenye nyumba ya klachi na kudondoka chini kidogo kidogo. Ili kuifikia, ni lazima zifunguliwe propela za mbele na za nyuma, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, ishushwe giaboksi pamoja na transfa yake inayogawa nguvu hiyo mbele na nyuma, kisha itolewe klachi na flaiwili. Sili yenyewe hutoshea kwenye kiganja, lakini kazi ya kuifikia ndiyo inayomaliza pesa, na fundi akiikosea, pesa hiyo yote hutolewa tena.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Gari hili lilikuwa limebadilishiwa sili hiyo hiyo katika gereji nyingine kabla ya msimu uliotangulia, na kabla msimu haujaisha oili ilikuwa imerudi palepale. Dereva alikuwa akilalamika kwamba klachi inateleza akipanda kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro, ambako ukuta wa kreta una kimo cha takriban mita 600 na barabara haimpi dereva nafasi ya kupumzisha injini, na harufu ya klachi inayoungua ilikuwa ikiwafikia abiria. Hilo si jambo la kuvumilia. Gari la safari likikwama kwenye mteremko wa namna hiyo likiwa na wageni ndani, suala halihusu tena usafi wa chini ya injini.

Kilichonifanya niiamini gereji hii ni kwamba fundi mkuu alikataa kushusha giaboksi siku tuliyofika. Ni mzee wa makamo ya juu ambaye vijana wake wote wanamwamkia kabla ya kushika spana, na nilipomwambia kwamba tunajua tatizo ni sili ya nyuma alinijibu kwa upole, "Mwanangu, oili inatembea. Unapoiona inadondoka sipo inapotokea. Tuioshe kwanza, halafu itatuonyesha yenyewe." Akaamuru injini yote ioshwe kwa dizeli na sabuni kuanzia juu hadi chini, ikaushwe kwa upepo wa kompresa, kisha sehemu ya nyuma ya bloku na ukingo wa nyumba ya klachi zinyunyiziwe unga mweupe wa poda. Gari likapelekwa barabarani hadi injini ikapata moto wa kutosha, likarudishwa, na kijana mmoja akaingia chini na tochi.

Sababu ya uangalifu huo ni ya kweli kabisa kwa injini ya 1HZ. Oili inayoonekana chini ya nyumba ya klachi inaweza kuwa imetoka kwenye gaskiti ya tepeti kava, kifuniko cha juu ya injini, upande wa nyuma, ikateremka kwa nyuma ya bloku, mahali ambapo hapaonekani vizuri bila kioo. Inaweza pia kuwa imetoka kwenye pampu ya vakyumu inayosaidia breki, kwa kuwa pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini, na ikivuja upepo wa safarini huisukuma oili kuelekea nyuma. Inaweza kuwa ni gaskiti ya sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Na inaweza isiwe oili ya injini hata kidogo, bali ile ya giaboksi inayopita kwenye sili ya shafti ya kuingilia, jambo ambalo mzee alilipima kwa kuigusa na kuinusa: oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi kwa sababu ya masizi, wakati ile ya giaboksi ina harufu kali ya salfa ambayo ukishaizoea huwezi kuichanganya na nyingine. Kwa gari letu, poda ilibaki nyeupe nyuma ya bloku yote, ikalowa tu kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, na oili ilikuwa nyeusi isiyo na harufu ya salfa. Baada ya hapo tu ndipo alipokubali kwamba ni sili.

Hata hivyo hakuishia hapo, na sehemu hii ndiyo niliyoithamini zaidi. Alitaka kujua kwa nini sili iliyobadilishwa karibuni imeshindwa mapema. Akawasha injini, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakiacha kimekaa juu ya mdomo wake bila kukifunga, na tukakitazama kikitikisika. Ringi za pistoni zikichoka, hewa ya mlipuko hupenya hadi kwenye sampo, na kama njia ya kutolea hewa hiyo imeziba, presha hutafuta upenyo mwingine. Upenyo ulio rahisi mara nyingi ni sili. Mpira wa brida, yaani njia hiyo ya kutolea hewa, wa gari letu ulikuwa umejaa tope jeusi la oili na umebonyea kwenye kona. Ulipotolewa na kuwekwa mwingine wa kujaribia, mtikisiko wa kifuniko ulipungua sana, ikaonekana kwamba ringi bado zina uhai. Gereji iliyotangulia haikugusa brida kabisa. Mtu anaweza kufunga sili bora kuliko zote duniani, lakini kama presha ya ndani haina pa kutokea, sili hiyo itavuja.

Giaboksi ilishushwa siku iliyofuata. Flanji za propela zilipigwa alama kwa rangi kabla ya kufunguliwa, ili zirudishwe katika mkao uleule na gari lisije kutetemeka baadaye. Silinda ndogo ya klachi iliondolewa ikiwa na mpira wake na kufungwa pembeni kwa waya, bila kufungua mfumo wa mafuta ya breki na kuingiza hewa. Giaboksi ya gari hili pamoja na transfa ni mzigo mzito ambao haupaswi kushushwa kwa mikono, na hapo niliona jambo moja la kuwasifu na jingine la kuwakosoa: walitumia jeki maalumu ya giaboksi iliyofungwa mnyororo, lakini gari lenyewe lilikuwa limeegemea kwenye vipande vya magogo badala ya stendi za chuma. Nililisema hilo siku hiyohiyo, na ninalirudia hapa kwa sababu vijana walikuwa wamelala chini ya gari.

Flaiwili ilipotoka, chanzo cha pili kikaonekana kwa macho. Sili iliyofungwa awali ilikuwa imeingia kwa mshazari. Mzee alichukua kipimo cha vania na kupima kina cha sili kutoka kwenye ukingo wa kishikio chake katika sehemu nne za duara, akanisomea kila kipimo kwa sauti ili nisikie mwenyewe. Upande wa juu ulikuwa umezama zaidi ya upande wa chini kwa kiasi ambacho hata kidole kilikihisi. Sili iliyokaa hivyo haishiki shafti kwa nguvu sawa kote, hivyo mdomo wake huchakaa upande mmoja na kuachia upande mwingine. Kwenye ukingo wa nje kulikuwa na alama ndogo za ncha ya bisibisi, yaani iliingizwa kwa kugongwagongwa huku na kule.

Namna walivyoitoa sili hiyo ilikuwa sahihi kama inavyoelekezwa na Toyota yenyewe: mdomo wa sili ulikatwa kwanza kwa kisu chembamba, kisha mwili wake ukang'olewa kwa bisibisi iliyoviringishwa tepu ili chuma kisiguse chuma. Mkwaruzo mmoja kwenye sehemu ya krenki inayosuguana na sili unatosha kuivujisha sili mpya maisha yake yote. Baada ya kuisafisha sehemu hiyo, mzee alipitisha ukucha wake juu yake taratibu kutoka nje kwenda ndani, mara kadhaa, akiwa amefumba macho. Kulikuwa na mstari unaong'aa mahali mdomo wa sili ya zamani ulipokaa, lakini ukucha haukukwama. Angeukuta mfereji unaokwama ukucha, alinieleza, angekuwa na njia mbili: kuvalisha krenki ringi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, kama zile za kampuni ya SKF zenye unene wa takriban milimita 0.28, au kuikalisha sili mpya tofauti kidogo na mwanzo, pale kishikio kinaporuhusu, ili mdomo wake ukutane na chuma ambacho hakijalika. Kwetu ilitosha kupitisha msasa laini sana wenye oili, kwa kufuata mzunguko wa shafti na kamwe si kwa kwenda mbele na nyuma, kwa sababu mikwaruzo inayoelekea nje huwa njia ya oili.

Kisha akaisukuma krenki kwa mtaimbo mdogo, mbele na nyuma, huku saa ya kupimia ikiwa imeegeshwa kwenye flanji yake. Dereva anayezoea kuegesha mguu kwenye pedeli ya klachi huzichakaza washa, vipande vya chuma vinavyoizuia krenki isitembee mbele na nyuma, na beringi kubwa zikichoka nazo, shafti huzunguka ikiyumba na hakuna sili itakayoifuata. Vipimo vilikuwa ndani ya kiwango cha kitabu.

Kuhusu sili mpya, mzee alikuwa na msimamo ambao baadhi ya wateja watauona mgumu: hafungi sili ya nyuma iliyonunuliwa na mteja bila yeye kuiona, na akiikataa hafungi. Ya kwanza tuliyompelekea, ambayo duka la spea lilitueleza kuwa ni orijino, aliikataa kwenye mwanga wa mlangoni. Boksi lilikuwa na maandishi yanayofanana na ya Toyota, lakini mwili wa sili haukuwa na chapa ya mtengenezaji wala namba, springi yake ilikuwa legelege kiasi cha kuzunguka kwa kidole, na mdomo ulikuwa na vinyweleo vya mpira vilivyobaki kutoka kwenye kalibu. Namba za sili za Toyota huanza na 90311, na tarakimu mbili zinazofuata kwa kawaida ndizo kipenyo cha ndani kwa milimita, kwa hiyo hata mteja asiye fundi anaweza kugundua palipo na uongo akiwa na rula. Tuliyofunga hatimaye ilikuwa na chapa ya NOK, kampuni ya Kijapani ambayo sili zake hufungwa kiwandani kwenye magari mengi ya Toyota. Iligharimu mara kadhaa ya ile ya kwanza, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kushusha giaboksi kwa mara nyingine. Aina ya mpira nayo ina uzito wake: mpira wa naitrili hukakamaa ukikaa muda mrefu kwenye joto linalozidi takriban nyuzi 100, wakati ule wa fluoro huvumilia hadi karibu nyuzi 200, na kwa macho matupu vyote ni mpira.

Ufungaji wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Mdomo wa sili ulipakwa grisi kidogo, ukingo wa nje ukaachwa mkavu, na sili ikasukumwa kwa kipande cha bomba la chuma kilichochongwa kwenye leti kwa kipenyo cha sili yenyewe, ambacho gereji inakihifadhi kwa ajili ya 1HZ peke yake. Kwa kuwa bomba hilo linaigusa sili duara zima kwa wakati mmoja, nyundo ilipiga katikati na sili ikaingia ikiwa imenyooka, hadi uso wake ukawa sawasawa na ukingo wa kishikio. Vania ikarudi. Safari hii sehemu zote nne zilisomeka sawa, na mzee akampa kijana wake kipimo ili naye apime. Kijana alipima akasema, "Imekaa, mzee," na kazi ikaendelea.

Bolti za flaiwili zilikazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kupishana na kwa awamu, kufuata kiwango cha kitabu cha Toyota kilichokuwa kimelala kwenye meza kikiwa na alama za vidole vya oili kila ukurasa. Diski ya klachi ilikuwa imelowa, na hapa kulitokea mjadala mfupi kati yangu na wao. Nilitaka kujua kama inaweza kuoshwa kwa petroli na kurudishwa, kama ilivyofanywa na gereji ya awali. Walikataa, nami nakubaliana nao sasa nikiwa nimeiona: oili huzama ndani ya nyuzi za diski, na joto likipanda hutoka tena juu ya uso wake, ndipo klachi inapoanza kuteleza kwenye mlima. Tulibadilisha diski, beringi ya klachi, beringi ndogo iliyo katikati ya krenki, pamoja na sili ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi, kwa kuwa yote hayo yalikuwa wazi tayari. Presha pleti ilisafishwa na kurudishwa. Sikuona dalili yoyote ya kuongezewa vitu visivyohitajika. Kila kilichobadilishwa niliwekewa kwenye ndoo nikichukue.

Upungufu wao uko kwenye mambo yaliyo nje ya spana. Hakuna makadirio ya maandishi kabla ya kazi, na bei ya mwisho ilipanda kwa sababu ya klachi bila mtu kunipigia simu hadi nilipofika mwenyewe. Risiti niliyopewa ilikuwa ya mkono, isiyotaja namba ya sili wala kilomita za gari, na dhamana ni neno la mzee tu. Ninaliamini neno lake, lakini kampuni yenye magari mengi inahitaji karatasi. Muda nao ulizidi kwa sababu mpira mpya wa brida ulitafutwa madukani kwa muda mrefu, na gari lililala wazi uani wakati wa mvua huku sakafu ya banda ikiwa ya udongo. Kwa kazi ambayo punje moja ya mchanga kwenye mdomo wa sili inaweza kuiharibu, walijitahidi kutandika turubai safi na kuifunika flanji ya krenki kwa kitambaa kila walipotoka. Sakafu ya zege ingewapunguzia hangaiko hilo.

Baada ya kujaza oili mpya ya 15W-40, mzee alikataza kabisa tusiongeze zile dawa za chupa zinazouzwa kwa ahadi ya kuzuia kuvuja, kwa kuwa nyingi hufanya kazi kwa kuuvimbisha mpira, na mpira uliovimba kwa dawa hulainika na kuchakaa haraka. Aliagiza gari lirudishwe baada ya safari ya kwanza ndefu. Lilikwenda Serengeti kwa barabara ya vumbi na mawimbi, likarudi, likanyanyuliwa, na unga mweupe aliokuwa ameunyunyizia upya kwenye tundu la chini ulikuwa mkavu. Sasa msimu wote wa kiangazi umepita, kijiti cha kupimia oili kinasoma palepale kati ya servisi moja na nyingine, na klachi inashika vizuri kwenye mlima wa kreta hata gari likiwa limejaa.

Kwa mwenye gari anayehitaji kulipata siku hiyohiyo, gereji hii haitamfaa. Kwa mwenye 1HZ inayovuja nyuma ambaye amekwisha kulipia sili ambayo haikudumu, sijui mahali pengine Arusha ambapo ningemwelekeza kwa moyo mweupe hivi. Sisi tumekwisha kupanga nao kazi ya sili ya mbele, ambayo imeanza kuonyesha unyevu kidogo nyuma ya puli. Ile haihitaji kushusha giaboksi. Mkanda wa taimingi wa gari letu nao unakaribia kilomita 100,000, hivyo vyote viwili vitabadilishwa kwa pamoja, na safari hii nimeomba makadirio ya maandishi mapema.